Nani Bora Kuliko Wote? Futiboli ya Kimarekani, Nafasi kwa Nafasi

Leo naomba tuuingie ubishi ambao Wamarekani hawajaumaliza mpaka sasa: katika futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, ni nani aliyekuwa bora kuliko wote katika kila nafasi? Mwaka 2019 ligi yao kuu, NFL, ilicheza msimu wake wa 100, na jopo la watu 26 likapewa kazi ya kuteua wachezaji 100 bora wa historia yote. Jopo lilifanya kazi ya heshima. Lakini lilipofika kwa kwotabeki, nafasi kubwa kuliko zote, likataja watu 10. Likafika kwa wakimbiaji, likataja 12. Karibu kila shabiki akamkuta mtu wake kwenye orodha, na swali likabaki pale pale. Mimi leo nitataja mmoja mmoja, na kila nitakayemtaja nitamtolea sababu.

Kipimo changu nakitangaza mapema, ili atakayenipinga anipinge kwa haki. Takwimu nazijali, makombe nayajali. Lakini swali ninalolitanguliza ni hili: je, wapinzani walilazimika kubadilisha uchezaji wao kwa sababu ya mtu huyu? Mchezaji mzuri hufanya vizuri ndani ya mchezo alioukuta. Mchezaji mkubwa huwakosesha makocha usingizi, wakachora mipango upya, na mara nyingine wenye ligi wakaandika kanuni upya. Swali langu la pili ni la kudumu: alikaa juu kwa muda gani?

Kwa msikilizaji mgeni wa mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Ni watu 11 kwa 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Ikivuka mstari wa mwisho imepata tachidauni, pointi sita. Kila timu ina kikosi cha kushambulia, kikosi cha kulinda, na kikosi maalumu cha mikwaju. Kazi zimegawanywa mno: kuna watu wanaomaliza miaka 15 kwenye ligi bila kuugusa mpira kwa makusudi. Ndiyo maana ubishi huu hauwezi kuisha kwa jina moja, lazima twende nafasi kwa nafasi.

Kabla ya majina, kuna mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni wa hesabu. Miaka ya 1950 msimu ulikuwa na mechi 12. Baadaye zikawa 14, mwaka 1978 zikafika 16, na tangu 2021 ni 17. Ukilinganisha jumla za mchezaji wa 1955 na za mchezaji wa leo bila kuliangalia hilo, umemdhulumu marehemu. Mtego wa pili ni wa kanuni. Mwaka 1978 ligi ilimkataza mlinzi kumsukumasukuma mpokeaji akishavuka yadi tano, na ikawaruhusu wanaomkinga kwotabeki kunyoosha mikono yao. Tangu hapo pasi zimefunguka, na takwimu za wapigaji pasi zimepanda sana.

Mtego wa tatu ndio unaoniuma. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mtu Mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1946, Los Angeles Rams walipowasajili Kenny Washington na Woody Strode. Mwaka huohuo Marion Motley na Bill Willis wakaingia Cleveland Browns, waliokuwa kwenye ligi pinzani. Kwa hiyo rekodi yoyote ya miaka ile iliwekwa huku sehemu ya wachezaji bora wa nchi wakiwa wamezuiwa nje. Tuiheshimu rekodi, lakini tuseme na hilo.

Tuanze na kwotabeki, yule anayepokea mpira kila jaribio linapoanza, akaamua kuutupa, kuugawa au kukimbia nao. Hapa majina ni mengi. Otto Graham wa Cleveland Browns alicheza misimu 10, kuanzia 1946 hadi 1955, na katika kila msimu timu yake ilifika fainali. Fainali 10 mfululizo, ikashinda saba. Johnny Unitas wa Baltimore Colts alitupa pasi ya tachidauni katika mechi 47 mfululizo, rekodi iliyodumu tangu 1960 hadi Drew Brees alipoivunja mwaka 2012. Joe Montana wa San Francisco 49ers alicheza fainali nne za ligi, zinazoitwa Super Bowl, akazishinda zote nne, akitupa pasi 11 za tachidauni bila hata moja kunaswa na adui. Peyton Manning alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tano.

Kwa swali langu la kwanza, Manning ana nguvu kuliko wengi. Alikuwa anasimama kwenye mstari, anasoma walinzi walivyojipanga, kisha anabadilisha mpango mzima kwa ishara na kelele zile sekunde za mwisho. Walinzi nao wakalazimika kujifunza kujificha, wakionyesha mpangilio huu huku wakikusudia ule. Hata hivyo jina langu ni Tom Brady. Mwaka 2000 timu zilipogawana wachezaji chipukizi, Brady alichaguliwa wa 199. Wachezaji 198 walitajwa kabla yake. Akamaliza na misimu 23 na makombe saba ya Super Bowl, sita akiwa na New England Patriots na moja Tampa Bay Buccaneers. Hakuna timu nzima ya NFL yenye makombe saba ya Super Bowl. La kwanza alilichukua Februari 2002, la mwisho Februari 2021 akiwa na miaka 43. Kati ya hayo kuna lile la Februari 2017, Atlanta Falcons walipoongoza 28 kwa 3 katika kipindi cha tatu, na Patriots wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza.

Wapo watakaosema kanuni zilimlinda Brady kuliko zilivyomlinda Unitas. Ni kweli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kanuni hizohizo ziliwalinda makwotabeki wote wa zama zake, na ni yeye peke yake aliyefika saba.

Lakini siondoki kwenye nafasi hii bila kumtaja Warren Moon. Mwaka 1978 alimaliza chuo kikuu akiwa kwotabeki hodari, na hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Zama zile timu nyingi hazikuamini kwamba kijana Mweusi anaweza kuongoza mashambulizi. Moon akaenda Kanada, akatwaa na Edmonton makombe matano mfululizo, ndipo NFL ikamfungulia mlango mwaka 1984. Mwaka 2006 akawa kwotabeki wa kwanza Mweusi kuingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Tunapouliza nani bora, tukumbuke miaka sita aliyonyimwa, na wengine ambao hawakupata Kanada ya kukimbilia.

Wakimbiaji sasa. Emmitt Smith ndiye mwenye yadi nyingi kuliko wote, 18,355, pamoja na makombe matatu akiwa na Dallas Cowboys. Walter Payton wa Chicago Bears alikimbia yadi 16,726, na katika misimu 13 alikosa mechi moja tu. Alikuwa anakimbia, anadaka, anazuia na hata kutupa pasi. Alipofariki mwaka 1999 akiwa na miaka 45, ligi iliipa jina lake tuzo inayotolewa kwa mchezaji anayeitumikia jamii vizuri zaidi. Barry Sanders wa Detroit Lions alikuwa anapenya mahali pasipo njia. Mwaka 1997 alikimbia yadi 2,053, na miaka miwili baadaye akaondoka kabla hajachoka.

Wote hao nawavulia kofia, na bado namchagua Jim Brown wa Cleveland Browns. Alicheza misimu tisa, 1957 hadi 1965. Katika misimu minane kati ya hiyo tisa aliongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia. Wastani wake ni yadi 104 kwa mechi, na mpaka leo hakuna aliyemaliza maisha yake ya uwanjani akiwa na wastani unaozidi 100 isipokuwa yeye. Hakukosa mechi hata moja. New York Giants walimkabidhi mtu mmoja, Sam Huff, jukumu la kumfuata Brown popote aendako, na mapambano yao yakawa gumzo la nchi nzima. Mwaka 1966, akiwa na miaka 30 na ndiyo kwanza ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, alitangaza kustaafu akiwa Uingereza anacheza filamu. Mwaka uliofuata aliwakusanya wanamichezo wakubwa Weusi pale Cleveland, wakasimama hadharani na Muhammad Ali aliyekuwa amekataa kwenda vitani Vietnam. Takwimu zake zote ni za msimu wa mechi 12 na 14. Mpe mechi 17 kwa mwaka, kisha tuanze upya kuhesabu.

Twende kwa mpokeaji, yule anayekimbia mbali na kudaka pasi. Hapa mshindani mkubwa ni Don Hutson wa Green Bay Packers, aliyecheza 1935 hadi 1945. Mwaka 1942 alidaka pasi 74 na tachidauni 17 katika msimu wa mechi 11. Aliyemfuata kwa idadi ya kudaka alikuwa na 27. Yaani aliwazidi wote karibu mara tatu. Njia nyingi ambazo wapokeaji wanakimbia hadi leo, za kukata ndani, kukata nje na kugeuka ghafla, alizifanyia kazi yeye, na walinzi wakaanza kumpangia watu wawili. Kwa swali langu la kwanza, Hutson ana alama zote. Lakini alicheza katika ile miaka ya mlango kufungwa, na baadhi ya misimu yake ni ya vita, vijana wengi wakiwa jeshini.

Kwa hiyo namchagua Jerry Rice. Mtoto wa fundi muashi kutoka Mississippi, akasoma chuo kidogo cha Mississippi Valley State, akafika San Francisco mwaka 1985. Alidaka pasi 1,549 kwa yadi 22,895. Anayemfuata kwa yadi ni Larry Fitzgerald, mwenye 17,492. Pengo hilo la zaidi ya yadi 5,000 ni misimu kadhaa ya mpokeaji mzuri. Randy Moss alikuwa na mwendo mkali kuliko Rice, na mwaka 2007 alidaka tachidauni 23 katika msimu mmoja. Lakini Rice akiwa na miaka 40, umri ambao wenzake walikuwa wameshakuwa watangazaji, alivuka tena yadi 1,000. Mazoezi yake ya kupanda kilima wakati wa mapumziko yalijulikana ligi nzima, na vijana waliojaribu kwenda naye hawakurudi kirahisi siku ya pili. Ukubwa wake ulijengwa kwa jasho, tena miaka 20 mfululizo.

Taitiendi ni nafasi ya kazi mbili: azuie kama mtu wa mstari, adake kama mpokeaji. Tony Gonzalez ndiye mwenye takwimu kubwa, amedaka mara 1,325, na katika misimu 17 alikosa mechi mbili tu. Mimi namchagua Rob Gronkowski kwa sababu alizifanya kazi zote mbili kwa kiwango cha juu. Mlinzi mdogo alizidiwa nguvu, na mlinzi mkubwa hakumfikia kwa mbio. Mwaka 2011 alidaka tachidauni 17, ambazo hakuna taitiendi aliyewahi kuzifikia kabla yake. Maumivu yalimkatia njia, na anayemchagua Gonzalez kwa kudumu kwake sitagombana naye.

Sasa, mpenzi msikilizaji, nakuomba utulie hapa, kwa sababu hapa ndipo ubishi mwingi huruka. Kuna wanaume watano wa mstari wa mbele. Hawadaki, hawatupi, hawakimbii na mpira. Kazi yao ni kusimama kati ya kwotabeki na watu wa kilo 120 wanaokuja kumvunja. Takwimu zao ni chache mno, kwa hiyo ukitaka kuwajua lazima uwatazame wao badala ya kutazama mpira.

Wa pembeni, anayelinda ubavu, namchagua Anthony Muñoz wa Cincinnati Bengals, 1980 hadi 1992. Mara tisa aliwekwa kwenye kikosi bora cha ligi. Akiwa chuoni aliumia goti vibaya hadi baadhi ya timu zikamwogopa. Bengals wakamchukua wa tatu, na hawakujuta. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mara nne makocha walimchorea pasi akadaka tachidauni, jambo la nadra kwa mtu wa nafasi yake. Wa ndani yake namchagua John Hannah wa New England Patriots. Mwaka 1978 Patriots walikimbia yadi 3,165 kama timu, rekodi iliyosimama hadi mwaka 2019. Wakimbiaji kadhaa waligawana yadi hizo, na hakuna kati yao aliyefikisha 1,000. Hiyo maana yake ni moja: njia ilikuwa inafunguliwa na walio mbele, na mkubwa wao alikuwa Hannah.

Wa katikati, anayeutoa mpira kwa kwotabeki na kugongwa mara hiyohiyo, namchagua Mike Webster wa Pittsburgh Steelers. Misimu 15 Pittsburgh na miwili Kansas City. Makombe manne ya Super Bowl. Katika baridi kali ya Pittsburgh alicheza mikono wazi, akiwa amekunja shati, ili mpinzani asipate pa kushika. Kizazi kizima cha vijana wa nafasi ile kilimwiga.

Lakini hadithi ya Webster haiishii kwenye makombe. Alifariki Septemba 2002 akiwa na miaka 50 tu, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa, kukosa usingizi na kupoteza makazi. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mwafrika, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh. Aligundua ugonjwa wa ubongo unaotokana na kichwa kugongwa mara nyingi, na mwaka 2005 akauchapisha kwenye jarida la kitabibu. Madaktari wa kamati ya ligi wakaandika kutaka makala yake iondolewe. Omalu hakurudi nyuma. Baada ya wachezaji wastaafu kufungua kesi kwa maelfu, ligi ilikubali makubaliano ambayo malipo yake yamepita dola bilioni moja. Nayasema haya katikati ya ubishi wa nani bora kwa makusudi. Mtu hawezi kumsifu Webster kwa kugongwa mara elfu bila kupepesa, kisha akanyamaza kuhusu kilichompata kwa sababu ya kugongwa huko. Sifa na deni lake vinakwenda pamoja.

Tuvuke upande wa ulinzi. Pembeni mwa mstari, kazi ni kumwangusha kwotabeki kabla hajatupa. Bruce Smith aliangusha makwotabeki mara 200, na hakuna aliyemzidi. Reggie White ana 198, na ndiye ninayemchagua. Katika misimu minane na Philadelphia Eagles alicheza mechi 121 na kuangusha mara 124. Alikuwa mchungaji wa kanisa, mpole nje ya uwanja, na ndani mtu mmoja hakumtosha. Tena aliibadilisha ligi hata ofisini: kesi ya wachezaji iliyobeba jina lake ndiyo iliyofungua uhuru wa mchezaji kuhama mkataba wake ukiisha. Mwaka 1993 yeye mwenyewe akautumia uhuru huo kwenda Green Bay, mji mdogo ambao wengi walidhani nyota mkubwa hawezi kuuchagua. Januari 1997, katika Super Bowl, alimwangusha kwotabeki wa Patriots mara tatu na kombe likarudi Green Bay. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 43.

Katikati ya mstari nina wawili wanaokaribiana mno. Aaron Donald wa Rams alikuwa mwepesi kuliko wengi wa nafasi yake, na alitwaa tuzo ya mlinzi bora mara tatu. Joe Greene alifika Pittsburgh mwaka 1969 akaikuta timu ya kushindwa. Msimu wake wa kwanza walishinda mechi moja wakapoteza 13. Kati ya misimu ya 1974 na 1979 walitwaa makombe manne. Namchagua Greene, kwa sababu nguzo ya kwanza ya nyumba ile ilikuwa yeye.

Lainibeka wa katikati, nahodha wa walinzi. Dick Butkus wa Chicago Bears aliogopwa kuliko mtu yeyote wa miaka ya 1960, lakini magoti yalimtoa baada ya misimu tisa. Ray Lewis wa Baltimore Ravens alidumu misimu 17. Mwaka 2000 walinzi aliowaongoza waliruhusu pointi 165 tu katika mechi 16, na yeye akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Namchagua Lewis.

Lainibeka wa pembeni, na hapa sisiti hata kidogo: Lawrence Taylor wa New York Giants, 1981 hadi 1993. Mwaka wake wa kwanza kabisa alichaguliwa mlinzi bora wa ligi. Mwaka 1986 aliangusha makwotabeki mara 20 na nusu, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Kabla yake mlinzi aliyewahi kuitwaa ni Alan Page, mwaka 1971. Baada yake hakuna mlinzi aliyeipata. Kocha Joe Gibbs wa Washington, aliyekuwa anakutana naye mara mbili kwa mwaka, alilazimika kuongeza taitiendi wa pili kwa ajili ya kumzuia. Timu zikaanza kutafuta kwa udi na uvumba mtu mkubwa na mwepesi wa kumlinda kwotabeki upande wa kushoto, upande asiouona akiwa anatupa kwa mkono wa kulia, na mishahara ya nafasi hiyo ikapanda. Leo kijana anayelipwa mamilioni kulinda ubavu wa kushoto anakula matunda ya hofu iliyopandwa na Taylor. Nje ya uwanja maisha yake yalikuwa na makosa mazito, na mwaka 1988 ligi ilimsimamisha kwa sababu ya dawa za kulevya. Nampa uwanja wake bila kumpa cheti cha tabia.

Konabeki, anayemkaba mpokeaji pembeni. Najua jina analolisubiri msikilizaji ni Deion Sanders. Ni kweli, makwotabeki mara nyingi waliepuka kutupa upande wake, na alitwaa makombe mawili mfululizo na timu mbili tofauti. Hata hivyo namchagua Dick Lane, aliyeitwa Night Train. Mwaka 1952 alikuwa kibarua wa kiwanda cha ndege Los Angeles. Akaenda mwenyewe kubisha hodi ofisini kwa Rams, mkononi ana daftari la vipande vya magazeti vilivyomtaja. Wakampa nafasi ya kujaribu. Msimu huohuo alinasa pasi 14 katika mechi 12. Miaka zaidi ya 70 imepita, mechi zimeongezwa hadi 17, pasi zinatupwa kwa wingi ambao zama zake haukuwepo, na bado hakuna aliyefika 14. Alikuwa anaangusha watu kwa kuwakaba shingo, na ligi ikaipiga marufuku namna ile. Sanders hakupenda sana kuangusha watu. Lane alinasa, akaangusha, na akaacha kanuni mpya nyuma yake.

Mlinzi wa mwisho, sefti, namchagua Ed Reed wa Ravens, aliyenasa pasi 64. Ronnie Lott alikuwa mgumu kuliko wote, na aliwahi kukatwa ncha ya kidole kidogo ili aendelee kucheza. Lakini Reed alikuwa anasoma fikra za kwotabeki. Mwaka 2008 alinasa pasi ndani ya eneo lake mwenyewe akakimbia nayo yadi 107 hadi tachidauni.

Kikosi maalumu nakipita kwa haraka. Mpigaji mikwaju ya pointi ni Adam Vinatieri, aliyefunga kwenye theluji nzito Januari 2002 dhidi ya Raiders, kisha wiki chache baadaye akafunga mkwaju wa mwisho uliowapa Patriots kombe lao la kwanza. Mpigaji wa mipira mirefu ni Ray Guy, ambaye Raiders walimchagua katika raundi ya kwanza mwaka 1973 kwa kazi hiyo. Mrudishaji ni Devin Hester wa Bears, mwenye tachidauni 20 za kurudisha. Timu ziliamua kuupiga mpira nje ya uwanja kuliko kumpelekea. Kikosi hiki pia ndicho mlango ambao Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, aliingilia NFL alipochezea Indianapolis Colts msimu wa 2013.

Ukiniuliza kati ya wote hawa ni nani aliyeubadilisha mchezo zaidi, nitajibu Lawrence Taylor. Brady aliufikisha kileleni mchezo alioukuta. Taylor alisababisha mchezo wenyewe upangwe upya, kuanzia ubao wa kocha hadi karatasi ya mishahara.

Hayo ndiyo majina yangu, na nayasimamia. Unaweza kuwa na yako, na ubishi wa haki ni sehemu ya heshima tunayowapa wachezaji. Ninachoomba ni kwamba ukileta jina, ulete na mwaka, ulete na kanuni za mwaka huo, na useme ni akina nani walizuiwa kucheza wakati huo. Na usifunge orodha yako kabla hujawataja watu wa mstari wa mbele kwa majina yao, kwa sababu kila pasi ya Brady na kila mbio ya Jim Brown ilianza kwa mtu mwingine kukubali kugongwa.